Saratani, kansa, donda ndugu: huyu kaa aliingiaje kwenye ugonjwa?

#1 Mkalimani_Huru
Wakuu, habari za jioni. Kila ikifika Februari 4, Siku ya Saratani Duniani, inazuka hoja ileile: eti "saratani" ndicho Kiswahili chenyewe na "kansa" ni uvivu wa kuiga Kiingereza. Mimi nadai yote mawili ni mnyama mmoja, tena hakuna hata moja lililozaliwa kwetu. Kansa ni "cancer" ya Kilatini, maana yake kaa. Saratani ni "saratān" ya Kiarabu, maana yake kaa. Yote mawili yanatafsiri "karkinos" ya Kigiriki, maana yake kaa. Tofauti ni njia tu, mmoja kapitia London, mwenzake kapitia Baghdad.
Maswali yangu ni mawili. Kwa nini kaa? Na kabla ya kaa huyu kuingia, Kiswahili kiliuitaje ugonjwa huu? Karibuni, ila mje na vitu, si "nilisikia kwa jirani".

#2 Mpika_Chai
Kaa kwa sababu ukishaingia mwilini, unakaa. Mjadala umeisha, modi funga uzi 😂

#3 Daftari_la_Maabara
Mpika_Chai tulia kwanza. Tuanze na walioandika. Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, na wafuasi wake, karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo, walitumia "karkinos" na "karkinoma" bila kueleza popote kwa nini kaa. Kwenye semi zake kuna ule usemi kwamba saratani zilizojificha ni heri zisiguswe, maana anayetibiwa hufa upesi na anayeachwa huishi muda mrefu. Maelezo ya kaa anayatoa Galen, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Roma, karne ya 2 baada ya Kristo. Anasema aliona kwenye titi mishipa ya damu iliyovimba ikitoka kwenye uvimbe kwenda kila upande, mithili ya miguu ya kaa inavyotoka kwenye gamba lake.
Hayo ndiyo maelezo yanayonukuliwa zaidi, na yana mashiko: uvimbe mkubwa wa titi kweli huweza kufanya mishipa ionekane wazi juu ya ngozi.

#4 Binti_Kizimkazi
Daftari, huyo Galen wako kaa alimla sahanini tu. Anayemjua kaa hamtaji kwa miguu. Kaa ana miguu minane ya kutembelea na magando mawili, na mtu wa pwani akimkamata anaangalia gando kwanza. Humshika kwa nyuma ya gamba, kidole gumba juu, vidole vingine chini, magando yasimfikie. Akikosea akabanwa, asivute. Akivuta, kaa hulikata gando lake mwenyewe pale kwenye kiungo cha juu akakimbia, na gando linabaki limebana kidole, mwenyewe kaa hayupo! Dawa ni kumrudisha majini atulie aachie, au kulivunja gando kwenye bawaba yake.
Sasa niambieni, ugonjwa unaorudi baada ya kukatwa uvimbe, aliyeupa jina alitazama miguu au gando? Wahenga walishasema, kaa akiinua gando, mambo yamekatika.

#5 Daftari_la_Maabara
Binti, hoja yako ina wazee wake. Paulo wa Aegina, tabibu wa karne ya 7 aliyefanya kazi Aleksandria, anaandika sababu zote mbili pamoja: anataja mishipa iliyotanuka kama miguu ya kaa, halafu anaongeza kwamba wapo wasemao jina limetokana na ugonjwa kung'ang'ania popote ulipokamata, kama afanyavyo kaa. Kwa hiyo miaka 1,400 iliyopita hili lilikuwa tayari halijaamuliwa.
Naongeza sababu ya tatu, ambayo haijatajwa na hao lakini maabara inaiona. Chukua uvimbe wa saratani ya titi wa aina ya kawaida, upasue katikati. Kisu kinakwaruza, unasikia chembechembe ngumu. Uso uliopasuliwa ni wa kijivu na mweupe, umenywea kidogo kuelekea ndani, na pembezoni mwake kuna nyuzi ngumu zinazochomoza kuingia kwenye mafuta ya manjano ya titi. Uvimbe usio saratani, kwa mfano fibroadenoma, una ukingo laini wa mviringo na hucheza chini ya vidole. Mganga wa zamani aliyekata vimbe zote mbili hakuhitaji mishipa ya juu ya ngozi kumwona kaa.

#6 Mwalimu_wa_Mizizi
Mmesahau ugumu. Kigiriki "karkinos", Kilatini "cancer" na Kisanskriti "karkata" wote ni kaa na wote wanafanana, ndiyo maana Kihindi leo kinasema "kark rog", ugonjwa wa kaa. Wapo wanaisimu wanaoufungamanisha ukoo huo na mzizi wenye maana ya kitu kigumu, kwa ajili ya gamba. Kama ni hivyo, huenda jina lilishika kwa sababu ya donge gumu lisilobonyea, wala miguu na magando hayahusiki.

#7 Binti_Kizimkazi
Kaa akishajivua gamba huwa mlaini kama chapati. Ugumu ni wa msimu, mwalimu. Gando ni la kudumu 😏

#8 Ghuba_Kwetu
Assalaam aleykum. Niingize Kiarabu. Kamusi za kale zinaweka "saratān" chini ya mzizi s-r-t, ambao kitenzi chake ni kumeza bila kutafuna. Kwa hiyo kuna wanaosema kaa kaitwa hivyo kwa ulafi wake, na ugonjwa nao humeza mwili. Tamu kusikia, ila Kiebrania nacho kina "sartan" na Kisiria kina "sartana", kwa hiyo neno ni la ukoo mzima wa Kisemiti, na huo mzizi wa kumeza unaweza kuwa umeambatishwa baadaye na wanakamusi.
La muhimu zaidi: vitabu vya Galen vilipofasiriwa Baghdad karne ya 9, kinara alikuwa Hunayn ibn Ishaq (809 hadi 873), ambaye alikuwa Mkristo wa Kisiria. Alifasiri kwenda Kisiria na kwenda Kiarabu. Baada yake, al-Zahrawi wa Andalusia na Ibn Sina wanaandika "saratān" kama neno la kawaida kabisa la tiba.
Na kama unataka kula kaa huku Kuwait au Imarati, usiende sokoni ukaomba saratani. Sema "gubgub". "Saratān" ya mnyama imebaki ya vitabuni.

#9 Mpika_Chai
Kwa hiyo muuza samaki akikupa saratani kilo mbili unamshtaki au unamlipa?
Mimi nina asili yangu: "sara" + "tani". Ugonjwa wenye uzito wa tani. Mpinge mtakavyo.

#10 Mwalimu_wa_Mizizi
Mpika_Chai, hiyo inaitwa etimolojia ya kijiweni, na chai haijaiva.
Jambo dogo la sauti ila nimeliona likikosewa mara nyingi: watu wanasema Kiswahili kilipachika irabu ili kutenganisha konsonanti, kikapata "sa-ra-ta-ni" kutoka "sartan". Hapana. Kiarabu chenyewe kina irabu baada ya r. Tulichoongeza sisi ni i ya mwisho, na tukalainisha ile t nzito. "Sartan" bila irabu ni ya Kiebrania.

#11 Mzee_wa_Falaki
Mnatafuta mlango wa dawa, wakati saratani iliingia pwani pia kwa mlango wa nyota. Mwenye kusoma falaki anazitaja buruji, yaani makundi ya nyota, kumi na mbili kwa mpangilio: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu, Hutu. Saratani ni ya nne. Wapiga ramli wa magazetini wakaigeuza kuwa "nyota ya Kaa". Kwa maoni yangu watu wetu waliijua saratani ya mbinguni kabla ya ile ya titi.
Na ile mistari ya jiografia shuleni: Tropiki ya Kansa, nyuzi 23 na nusu hivi kaskazini. Ni kaa huyohuyo. Ilipewa jina wakati jua la Juni, likiwa mwisho wake wa kaskazini, lilikuwa limesimama mbele ya kundi la nyota la Kaa. Tangu hapo mhimili wa dunia umeyumba polepole, na leo siku hiyo jua liko mpakani mwa Thauri na Jauza. Jina limebaki, jua limehama. Kiarabu nacho husema "madār as-saratān", na mstari huo unapita Oman, kusini kidogo tu ya Muscat.

#12 Nganya_Express
Mzee umenibamba hapo. Sasa ile wanaita Nebula ya Kaa, masalia ya nyota iliyolipuka na Wachina wakaiandika mwaka 1054, iko kwa hiyo Saratani yako?

#13 Mzee_wa_Falaki
Haiko, kijana. Iko Thauri, kundi la Fahali, karibu na ncha ya pembe yake. Iliitwa Kaa kwa sababu mchoro wa kwanza wa darubini ulifanana na kaa. Kwenye Saratani utafute kishada hafifu katikati, Waarabu huita Nathra, manzili (kituo) ya nane ya mwezi. Usiku wenye giza kinaonekana kwa macho kama kiwingu.

#14 Mkalimani_Huru
Uzi unaelekea angani 😂 Turudi chini. Swali la pili halijaguswa: jina la kabla ya kaa.

#15 Bwana_Kamusi
Jibu la haraka ni "donda ndugu". Kamusi hulieleza kama donda baya linalosambaa na kula nyama. Ila msikimbilie kusema ndiyo saratani ya kale. Donda ndugu linahitaji donda: kitu kilicho wazi, kinachooza, kinachonuka. Humo mnaingia gangrini, donda la mguu la nchi za joto, na saratani ya ngozi au ya titi iliyokwisha kupasuka. Saratani ya ini, ya kongosho, ya umio au ya damu haina donda, kwa hiyo ilikuwa na majina ya dalili: kukonda, kuvimba tumbo, kushindwa kumeza. Mtu alikufa kwa "tumbo", basi.
Kwa nini "ndugu"? Nimekutana na maelezo mawili. Moja, donda huzaa mengine kandokando, yakawa ndugu. La pili, linamganda mtu na halimwachi, kama ndugu asiyekimbilika. Sijaona hoja ya kuangusha lolote. Leo neno limehamia siasani, rushwa ni donda ndugu, na hospitalini halisikiki tena.

#16 Daftari_la_Maabara
Bwana Kamusi, hilo la donda lina mwenzake Roma. Utasoma kila mahali kwamba Celsus, mwandishi wa tiba wa Kirumi, karne ya 1, aliitafsiri "karkinos" ya Kigiriki kuwa "cancer" na mambo yakaishia hapo. Si sahihi sana. Kwake "cancer" lilibeba zaidi donda linalooza na kusambaa, karibu kabisa na donda ndugu letu, na uvimbe mgumu aliuita "carcinoma", yaani aliacha Kigiriki kama kilivyo. Mchanganyiko huo ndio umezaa watoto wengi Ulaya. Kutoka "cancer" moja, Kiingereza kina neno la saratani, lingine la kidonda cha mdomoni na ugonjwa wa miti, na Kifaransa kina "cancer" na pia "chancre".

#17 Mwana_wa_Goma
Asante Daftari, hapo kwa "chancre" ndiyo penye shida kwetu. Ku Congo watu wanasema kanseri, imetoka ku Kifaransa, na Warundi na Wanyarwanda vilevile. Karatasi za hospitali zinakuwa za Kifaransa. "Chancre" ni kile kidonda cha kwanza cha kaswende: kimoja, kigumu ukikigusa, hakiumi. "Chancre mou" ni kingine, chenyewe ni laini na kinauma. Zote mbili zinatibiwa na antibiotiki. Mtafsiri akiona "chancre" akaandika saratani, ameshamuua mgonjwa kabla ya siku yake.

#18 Mkalimani_Huru
Mtego huohuo upo Msumbiji. Kireno cha Ureno na cha Msumbiji husema "cancro" kwa saratani, Brazili husema "câncer". Lakini "cancro mole" si saratani laini, ni hiyo "chancre mou" ya Goma. Anayetafsiri neno kwa neno anaanguka hapo.

#19 Kyadondo_Boy
Uganda nako tuna letu: Luganda husema "kookolo", wala halimhusu kaa. Hata kwenye matangazo ya afya ya Luganda ndilo linatumika. Na msisahau kwamba Kampala imeipa dunia jina moja: Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, alichapisha mwaka 1958 maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto, leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Kwenye sampuli za uvimbe huo ndipo Epstein, Achong na Barr walipokiona kirusi mwaka 1964, cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

#20 Mwalimu_wa_Mizizi
Kyadondo umenifungulia njia. Si dunia nzima ilimfuata kaa. Kijerumani "Krebs" na Kirusi "rak" wamemfuata, ila wao ni zaidi yule kamba wa mtoni. Kiaislandi husema "krabbamein", maradhi ya kaa, bila kuficha. Kifini kimekataa: "syöpä", kutoka kitenzi cha kula. Kichina huandika alama ya ugonjwa na ndani yake sehemu inayohusishwa na mwamba, kwa hiyo wao waliona jiwe.
Ninalolipenda ni la Kishona: "gomarara". Ni mmea unaoota juu ya matawi ya mti mwingine na kunyonya maji yake mpaka tawi linakauka. Walioona gomarara mtini wakaiona mwilini. Nadhani ndilo jina sahihi zaidi kibiolojia kuliko kaa, ugumu na ulafi vyote pamoja.

#21 Daftari_la_Maabara
Hapana mwalimu, hapo napinga. Gomarara ni kiumbe kingine kinachotoka nje, mbegu huletwa na ndege. Saratani ni seli za mwenye mwili mwenyewe zilizoacha kutii. Tangu mwanasayansi wa Kijerumani Johannes Müller mwaka 1838 aonyeshe kwa hadubini kwamba uvimbe umeundwa kwa seli, wazo la mgeni aliyepandwa lilianza kufa. Ukiwaambia watu "mmea unaonyonya" watatafuta mizizi ya kung'oa. Tayari tuna tatizo hilo: "saratani ina mizizi, ukiigusa kwa kisu inatawanyika". Wagonjwa wanakataa kukatwa kinyama cha kupima kwa sababu ya neno hilo.

#22 Mwalimu_wa_Mizizi
Na kaa je, si kiumbe kingine? 😄 Kila jina lina mgeni wake.

#23 Nesi_wa_Zamu
Wapendwa, mizizi ya maneno ni mitamu, ila kinachotuumiza wodini ni tafsiri za karatasi. Niwape yanayotokea kila wiki.
"Majibu ni chanya." Mtu anasikia chanya anashukuru Mungu. Sema "saratani imeonekana" au "haijaonekana". Basi.
"Hatua" na "daraja". Haya yanabadilishana kila mara kwenye vijitabu. Hatua ni ugonjwa umefika wapi mwilini, 1 mpaka 4. Daraja ni seli zinavyoonekana kwenye hadubini, kwa titi ni 1 mpaka 3, ya 3 ndiyo yenye kasi. Mgonjwa anaweza kuwa daraja la 3 hatua ya 1, na hiyo ni habari njema kuliko daraja la 1 hatua ya 4. Ukiandika "saratani ya kiwango cha 3" hujasema kitu.
"Kizazi". Saratani ya mlango wa kizazi, wengine husema shingo ya kizazi, ni kitu kimoja. "Saratani ya kizazi" ni kitu kingine, ni ya mfuko wenyewe. Chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, inazuia ile ya mlango. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima 2018, Kenya 2019. Tangazo likisema "chanjo ya kuzuia saratani ya kizazi" linazaa uvumi kwamba chanjo inafunga kizazi. Neno moja limekatwa, wazazi wakaficha watoto.
"Tezi". Saratani ya tezi ipi? Tezi dume, tezi ya shingo, au mitoki? Zinatibiwa tofauti kabisa.

#24 Mkalimani_Huru
Nesi, huu ndio ushahidi niliotaka. Hebu toa na lile la kipimo cha siki cha mlango wa kizazi, nimeona vijitabu vinaandika "dalili za awali za saratani".

#25 Nesi_wa_Zamu
Hilo ndilo baya kuliko yote. Kipimo cha siki kinatafuta mabadiliko ya seli ambayo *hayajawa* saratani. Mhudumu anapaka asidi ya siki ya asilimia 3 mpaka 5 kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja nzima, si sekunde kumi, halafu anaangalia. Sehemu iliyobadilika inageuka nyeupe nzito yenye ukingo. Ikiwa inafaa, inaunguzwa kwa joto au inagandishwa siku hiyohiyo, anarudi nyumbani.
Sasa ukimwambia ana "dalili za awali za saratani", amesikia saratani. Anakwenda kuaga ndugu, au anakimbilia kwa mganga. Harudi. Sisi tunasema "mabadiliko ambayo tukiyaacha yanaweza kuwa saratani, tukiyatoa leo yamekwisha". Ni refu ila linamrudisha mtu. Kinachoharibika zaidi ni siki kuzimuliwa hovyo au kutosubiri dakika, doa halitokei, mtu anaambiwa salama.

#26 Bwana_Kamusi
Swali kwa wodi na maabara: mbona hatuna neno moja la uvimbe mbaya na moja la uvimbe usio na hatari? Kiarabu husema "waram khabīth" na "waram hamīd". Sisi tayari tuna "habithi", la mtu mwovu. "Uvimbe habithi" lingekaa vizuri mno.

#27 Mpika_Chai
Daktari: "Mama, uvimbe wako ni habithi." Mama: "Wewe mwenyewe habithi, na mama yako!" 😂😂

#28 Ghuba_Kwetu
Mpika_Chai leo umesema kweli. Huku Waarabu wenyewe wakiliepuka neno saratān husema "ule ugonjwa khabīth", na likitamkwa hivyo watu wanashusha sauti. Habithi litaleta hofu zaidi, sio kidogo. Bora "uvimbe wa saratani" na "uvimbe usio wa saratani".

#29 Daftari_la_Maabara
Nakubali kwa mgonjwa, sikubali kwa ripoti. Kwenye ripoti "saratani" peke yake haitoshi. Kasinoma huanzia kwenye tishu za kufunika na za tezi: ngozi, titi, utumbo, mlango wa kizazi. Sakoma huanzia mfupa, msuli, mafuta, mishipa. Jina lake la Kigiriki ni la nyama, halina kaa ndani yake. Lukemia, saratani ya damu, jina alilotoa daktari wa Kijerumani Virchow mwaka 1847, maana yake damu nyeupe, haina hata uvimbe. Ukiandika "saratani ya mguu" hujui kama ni ngozi ya mguu, mfupa wa mguu au sakoma ya Kaposi. Mtafsiri aache kasinoma na sakoma kama zilivyo, kisha aeleze kwa sentensi.

#30 Mkalimani_Huru
Sawa, ila mtafsiri anapokea ripoti iliyoandikwa "sampuli haifai kusomwa". Hilo nalo linatafsiriwa na ndugu kama "wameficha ugonjwa".

#31 Daftari_la_Maabara
Halifichwi kitu, kinyama kimeoza. Kinyama kikikatwa kinaingia mara moja kwenye fomalini ya asilimia 10: sehemu moja ya fomaldehaidi ya dukani, ile ya asilimia 37 mpaka 40, kwa sehemu tisa za maji yenye bafa (kemikali ya kutuliza asidi). Fomalini iwe mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Kwa titi, kikae humo si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72, vinginevyo vipimo vya homoni vinadanganya. Makosa ninayoyaona: kinyama kimewekwa kwenye maji ya chumvi kikafika kimelegea, kimeshindiliwa kwenye chupa ya dawa yenye mdomo mwembamba kikagandia humo, au jina limeandikwa kwenye kifuniko. Vifuniko hubadilishana mezani. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa.

#32 Mpika_Chai
Tulianza na kaa wa Hippocrates tumefika kwenye kifuniko cha chupa. Uzi wa Jamhuri huu.

#33 Binti_Kizimkazi
Mimi bado nasubiri mtu wa kunijibu la gando.

#34 Nganya_Express
Na mimi nasubiri: kwetu Kenya kuna wanaosema "kansa" na wanaosema "kensa". Ipi iko sawa? Gazeti la Kiswahili linaandika saratani, kwa matatu ni kansa, kwa redio za mtaani ni kensa.

#35 Mwalimu_wa_Mizizi
Irabu ya kwanza ya Kiingereza hapo iko katikati ya a na e, kwa hiyo kila sikio lilichagua yake. "Kansa" imeshinda kwenye maandishi. "Kensa" si kosa la matamshi, ni sikio lingine tu.

#36 Bwana_Kamusi
Sikubali kwamba ni sikio tu. Tropiki ya Kansa ilikuwa vitabuni shuleni, aliyesoma jiografia alikuwa tayari na a. Asiyesoma akachukua e.

#37 Mzee_wa_Falaki
Naona mnarudi kwenye nyota wenyewe, sikuwaita 😄